MIG inakusumbua? Anza na njia ya waya, nobu baadae

Mshono wa MIG, ile mashine ya kuchomelea inayojisukumia waya kutoka kwenye spuli, ukitoka vibaya mkono wa fundi unaenda moja kwa moja kwenye nobu. Anaongeza volti, haijakaa, anapunguza spidi ya waya, bado, anaongeza zote mbili, mwisho hata setingi aliyoanza nayo haikumbuki tena na mashine inaanza kuitwa mbovu inatafutiwa mteja. Na unakuta muda wote huo shida ilikuwa tipu iliyoliwa, kile kishaba chenye tundu mbele ya tochi waya unapotokea, au klampu ya erthi imebanwa juu ya rangi. Nimeona mashine nzima kabisa zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu ya kitu kama hicho na inauma, kwa hiyo acha tulichambue hili jambo taratibu, maana ukishaelewa mashine inavyofikiri nusu ya matatizo unayatambua kwa sikio tu.

Wengi wetu tumeanzia kwenye mashine ya stiki. Kule unachagua ampia, mashine inazishikilia, volti zinapanda na kushuka kufuata mkono wako ulivyo karibu au mbali. MIG imegeuza hilo. MIG inashikilia volti, alafu ampia zinakuja zenyewe kutokana na waya unaoingia kwenye moto, yani ile cheche ya umeme kati ya waya na chuma. Waya ukiingia mwingi kwa dakika mashine inalazimika kutoa ampia nyingi ili uyeyuke, ukiingia kidogo ampia zinashuka. Kwa waya wa milimita 0.8 wa chuma cha kawaida, mita kama 5 kwa dakika ni ampia kwenye 100 hivi. Ndio maana mashine nyingi hazina nobu iliyoandikwa ampia, nobu ya spidi ya waya ndio ampia yenyewe.

Sasa hapo ndipo mkanganyiko wote unapozaliwa. Kama spidi ya waya ndio ampia basi kitu chochote kinachokwamisha waya njiani, uchafu, rola ya kusukuma waya inayoteleza, tochi iliyokunjwa, kinakuja kuonekana kwako kama tatizo la umeme. Moto unakata, unarudi, unakata, unasema kadi ya elektroniki ya ndani imekufa kumbe ni vumbi kwenye laina, ile njia ya waya ndani ya kebo ya tochi. Mashine haina njia ya kukwambia kwamba waya umekwama, inachoweza ni kubadilisha moto tu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nobu yoyote kagua njia tatu, ya waya, ya umeme na ya gesi, na ya kwanza ni waya. Anzia kwenye spuli nyuma kabisa. Ile nati ya katikati inayobana spuli ni breki, ikikazwa sana motor inavuta spuli kwa shida na spidi inayumba, ikilegea sana ukiachia triga spuli inaendelea kuzunguka yenyewe na waya unajifungua zile duara zinaangukiana. Inatakiwa ukiachia triga spuli isimame palepale au isogee kidogo sana, basi.

Alafu rola. Rola nyingi zina mifereji miwili, mmoja wa 0.6 na mwingine wa 0.8, au 0.8 na 1.0, na watu wanaigeuza bila kuangalia. Usiishie kusoma namba iliyopigwa ubavuni kwa sababu kuna rola namba inaangalia nje wakati mfereji unaofanya kazi ni wa ndani, angalia waya umelala wapi. Umbo la mfereji nalo lina kazi yake. Waya mgumu wa kutumia gesi unataka mfereji wa V laini. Waya wa gesilesi, ule wenye unga ndani, unataka mfereji wenye meno meno, kwa sababu ule waya ni kama mrija, ni laini, ukiubana na V ya kawaida mpaka ushike unaubonyeza unakuwa bapa na ukishakuwa bapa hauingii vizuri kwenye tipu. Aluminiamu inataka mfereji wa U na laina ya teflon na gesi ya agoni tupu, ni somo lingine kabisa hilo tuliache.

Kukaza ile sipringi ya rola ndio sehemu watu wanaharibu zaidi. Waya ukiteleza tu wanakaza, ukiteleza tena wanakaza mpaka mwisho. Kaza nyingi haiponyi kitu, inakwangua ile shaba iliyopakwa juu ya waya, na ule unga wa shaba unaingia kwenye laina unajaa humo, kesho waya unakwama zaidi na wewe unakaza zaidi. Ukifungua mfuniko ukaona unga wa rangi ya shaba chini ya rola ujue umekaza kupita kiasi. Namna ya kupima: vaa glovu, elekeza tochi kwenye kipande cha mbao, umbali wa sentimita 5 hivi, kwa kulaza kidogo, bonyeza triga. Waya ukigonga mbao unatakiwa ujikunje na kuendelea kutoka. Ukisimama na rola zikateleza, ongeza nusu mzunguko. Legeza mpaka zinateleza alafu ndio ukaze kidogo kidogo, usianzie kwenye kukaza. Na usielekeze tochi usoni kwa mtu wala kwenye kiganja kitupu, ule waya unatoboa.

Ukikuta waya umejikusanya rundo pale kati ya rola na mdomo wa tochi, hilo ni jibu tayari, maana yake mbele kumeziba na rola zimeendelea kusukuma. Kata lile rundo, toa, lakini kama hujatafuta kilichoziba mbele litarudi baada ya dakika mbili.

Na cha kuziba mbele ni viwili tu, laina au tipu. Kuvitofautisha ni rahisi na hakuna kifaa cha kununua. Zima mashine, nyoosha tochi sakafuni isiwe na kona, fungua ile presha ya rola ili waya uwe huru, alafu shika ncha ya waya kwa plaizi uvute taratibu. Unatakiwa uje kwa ulaini, mkono mmoja, bila kukuruka. Ukija kwa kugoma goma, fungua tipu itoe kabisa, vuta tena. Ukija laini baada ya tipu kutoka basi mwenye kosa ni tipu. Ukigoma vilevile ni laina. Kazi imeisha, umejua.

Laina ni ile sipringi ndefu ndani ya kebo ya tochi. Inajaa unga wa shaba, kutu, na vumbi la grainda. Itoe tipu, puliza na kompresa upande mmoja mpaka itoke safi upande wa pili, na kila unapobadilisha spuli rudia. Ikishakunjika haina dawa, badilisha, na ukibadilisha ikate kwa urefu sahihi kwa kufuata ile ya zamani ikiwa imenyooshwa, kwa sababu ikikatwa fupi inaacha pengo karibu na tipu na waya unapata nafasi ya kujikunja humo ndani. Usimwagie oili kwenye laina. Najua kuna watu wanafanya na kweli waya unateleza siku hiyo, lakini oili inafika kwenye moto na inaungua humo humo kwenye mshono, unapata vitundu, alafu inashika vumbi kuliko mwanzo.

Tipu sasa. Hiki ndio kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine na ndicho kinachosababisha lawama nyingi kuliko vyote. Umeme wote unaoenda kwenye waya unapitia hapo, kwenye mguso wa shaba na waya unaotembea. Tundu lake likiwa duara zuri waya unagusa kila wakati. Likishaliwa linakuwa kama yai, waya unagusa hapa, unaacha, unagusa pale, moto unapepea na mshono unatoka una mabonde. Itoe tipu uiangalie kwenye mwanga, ukiona tundu limekuwa refu upande mmoja tupa, usiihurumie. Na saizi iwe ya waya wako, waya 0.8 tipu 0.8, sio ile ya 1.0 kwa sababu ndio iliyokuwepo dukani.

Waya ukirudi nyuma na kugandia kwenye tipu watu wanalaumu tipu lakini hapo tipu ndio muathirika. Moto umepanda juu kwa sababu waya umechelewa kufika, yani volti ni nyingi kuliko spidi ya waya, au waya umekwama kule nyuma kwa zile sababu tulizosema, au umeshika tochi karibu mno na chuma. Ikitokea mara moja ni mkono, ikitokea kila baada ya sentimita kumi nenda kakague laina.

Kitu kingine kidogo, ukimaliza mshono ncha ya waya inabaki na kigololi. Kikate kwa plaizi kabla ya kuanza tena, kata kwa kulaza ncha iwe kali. Kile kigololi ndio kinafanya mwanzo wa mshono ulipuke na kurusha vipande, hamna haja ya kuongeza volti.

Njia ya pili ni ya umeme, na hapa naanza na erthi kwa sababu watu wanaisahau kama vile haina kazi. Umeme unaotoka kwenye tochi lazima urudi, na unarudi kupitia ile klampu. Piga hesabu hii: unachomelea kwa ampia 120, klampu imeshika juu ya rangi na kutu, mguso una ukinzani wa ohmu 0.02 tu, ambao ni mdogo hata mita ya kawaida haiuoni vizuri. Mia na ishirini mara 0.02 ni volti 2.4. Umezipoteza pale. Kwenye mashine inayofanya kazi kwa volti 20 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, na wewe ukiongeza volti robo tu kwenye nobu unaona tofauti, sasa fikiria 2.4. Tena hazipotei kimya kimya, zinakuwa joto, wati karibu 290 zinawaka kwenye klampu yako. Kwa hiyo ukimaliza kuchomelea shika klampu na pale kebo inapoingia, kwa tahadhari. Ikiwa ya moto umeshapata mgonjwa. Piga grainda sehemu ya kubana mpaka chuma king'ae, bana karibu na kazi yenyewe, sio kwenye mguu wa meza mita tatu huko, na kama sipringi ya klampu imechoka nunua nyingine.

Alafu polariti, na hapa wenye hizi mashine ndogo za inveta zilizojaa madukani siku hizi naomba wasome mara mbili. Waya mgumu na gesi: tochi inaenda chanya, erthi hasi. Waya wa gesilesi: tochi inaenda hasi, erthi chanya. Mashine inatoka kiwandani imefungwa upande mmoja, mtu anaweka waya wa gesilesi bila kugeuza, anapata mshono uliovimba juu kama hauna mizizi, cheche zimejaa kila mahali, chuma hakijashika, anahitimisha kwamba gesilesi ni uchafu. Gesilesi sio uchafu. Geuza zile kebo, kwenye mashine nyingine ni kile kiunganishi kifupi mbele au ndani ya mfuniko karibu na rola, jaribu tena uone. Ila sio kila waya wenye unga ndani ni gesilesi, kuna unaotaka gesi na huo kawaida tochi inakaa chanya, kwa hiyo soma lebo ya spuli, imeandikwa.

Umeme wa ukutani nao. Tunasema mashine ni ya ampia 200 alafu tunaichomeka kwenye soketi ya ampia 13 kwa ekstensheni nyembamba ya mita 30. Kwa MIG volti za kazi zinakadiriwa hivi, 14 jumlisha ampia mara 0.05, kwa hiyo ampia 120 ni volti 20, hiyo ni wati 2400 zinazotoka. Ukiweka na upotevu wa ndani na namna inveta za bei nafuu zinavyovuta umeme, ukutani unahitaji ampia 17 mpaka 18 hivi. Ekstensheni ya waya wa milimita za mraba 1.5, mita 30 kwenda na 30 kurudi, ina ohmu kama 0.7. Unadondosha volti 12 na zaidi njiani kabla umeme haujafika kwenye mashine. Kama mtaa wenyewe jioni umeme umeshuka mpaka volti 200, kinachofika ni 187 na kitu. Inveta nyingine inavumilia, nyingine inawasha taa ya njano inakata. Sio mbovu, ina njaa. Tumia waya wa 2.5 au 4, fupi, na usiuache umeviringishwa kwenye gurudumu lake wakati unachomelea, unapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Kwa jenereta hesabu ni ileile, kwa kazi hiyo ya ampia 120 mashine inavuta kVA 4, jenereta iliyoandikwa 3 itaguna na moto utayumba.

Taa ya njano ikiwaka wakati umeme uko sawa ni joto. Soma kibati cha nyuma, sio namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Kibatini utaona kitu kama 200A na asilimia 60, maana yake kati ya dakika 10 unachomelea 6 unapumzisha 4, na kipimo hicho kimewekwa kwa hewa ya nyuzi 40. Mashine kama hiyo ukitaka ichomelee mfululizo bila kupumzika ishushe kwenye 155 hivi. Ikikata usiizime, iache feni izunguke ipooze yenyewe. Na grainda isifanye kazi mbele ya matundu ya feni, lile vumbi ni chuma, feni inalivuta ndani linalala juu ya kadi na siku moja linaunganisha pasipotakiwa.

Njia ya tatu ni gesi, na dalili yake kubwa ni vitundu. Mshono unaonekana umetobolewa na sindano, au juu mzima ukiukata ndani una mapango. Vitundu maana yake hewa imeingia, au kuna uchafu umeungua. Anza na uchafu kwa sababu ni bure. Rangi, kutu, grisi, na ule mweusi wa kiwandani kwenye chuma kipya, piga grainda sentimita mbili kila upande. MIG haina uvumilivu wa stiki, stiki ina dawa yake inayosukuma uchafu juu, waya mgumu hauna kitu hicho isipokuwa manganizi na silikoni kidogo iliyomo kwenye waya kama ER70S-6.

Tukija kwenye gesi yenyewe, kwa nozeli ya kawaida, kile kikombe mbele ya tochi gesi inapotokea, lita 10 mpaka 15 kwa dakika zinatosha. Watu wanadhani ukipata vitundu dawa ni kufungulia zaidi, hapana, ukifika 25 na kuendelea kwenye nozeli ndogo gesi inatoka kwa fujo na ile fujo inavuta hewa ya nje kuingia katikati, unazidisha ugonjwa kwa hela yako mwenyewe. Kagua nozeli, cheche zikijaa ndani gesi inatoka upande mmoja tu. Kagua zile raba za duara pale tochi inapoingia kwenye mashine, na pakaa povu la sabuni kwenye maungio yote ya mpira, ukiona mapovu yanakua ndio panapovuja. Na feni. Joto la Dar au Mombasa linajulikana, wekshopu ina feni inampulizia fundi mgongoni, ile feni inaipeperusha gesi yote. Kaupepo kadogo tu kanatosha. Ukichomelea geti nje pale pale linapofungwa tumia gesilesi au stiki, usipigane na upepo.

Kuna jambo moja la CO2 linawasumbua watu sana na sijui kwa nini halisemwi madukani. Mtungi wa agoni una gesi iliyobanwa, geji inashuka kadri unavyotumia. Mtungi wa CO2 una kimiminika ndani na geji inaonyesha presha ya mvuke uliopo juu yake, kwa nyuzi 20 ni bar 57, kwa nyuzi 30 ni kama 72, iwe mtungi umejaa au umebaki robo. Kwa hiyo asubuhi geji iko chini mchana imepanda, mtu anadhani imeharibika, na siku kimiminika kinapoisha inaporomoka ghafla katikati ya kazi ya mteja. Kujua kilichobaki pima uzito, uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega lake, toa, kinachobaki ndio gesi yako. Na usilaze mtungi wakati wa kutumia, kimiminika kitaingia kwenye regyuleta. Ukichomelea mfululizo regyuleta inaganda barafu hata kwenye joto letu, maana CO2 ikitanuka kutoka presha kubwa kwenda ndogo inapoa sana, na barafu ikiziba gesi inakatika kidogo kidogo, vitundu vinaanza baada ya robo saa wakati mwanzo ulikuwa vizuri kabisa. Ndio kazi ya zile hita za regyuleta. Hii CO2 TOL Gases wanaichota ardhini kule Rungwe mkoani Mbeya kwenye ardhi ya volkano, sio lazima itoke mbali.

CO2 tupu inatoa cheche nyingi kuliko mchanganyiko wa agoni asilimia 80 na CO2 asilimia 20, hiyo ni tabia yake na ukihama kutoka moja kwenda nyingine lazima utarekebisha volti, CO2 inataka volti moja au mbili zaidi. Usitafute ugonjwa hapo.

Ukiwa pwani, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, ongeza na hili. Hewa ya chumvi inauma waya. Spuli iliyoachwa wazi kwenye mashine wiki kadhaa inapata kutu ya unga, ile kutu inaenda kwenye laina na inapeleka unyevu kwenye moto. Waya wa gesilesi ni mbaya zaidi, unga wake unanyonya unyevu na mshono unapata mistari kama njia za minyoo juu. Jioni toa spuli, weka kwenye mfuko wa nailoni ufunge. Zile raundi za juu zilizoshika kutu zivute uzitupe, ni waya wa hela ndogo kulinganisha na laina na geti la kurudia.

Sasa, waya unapita laini, erthi inang'aa, gesi ni safi, hapo ndio ugeuke kwenye nobu, na hapo nobu inakutii. Anza na unene wa chuma, kadiria ampia 40 kwa kila milimita, kwa hiyo chuma cha milimita 3 ni 120, skwea paipu ya 1.2 ni kwenye 50. Weka spidi ya waya kwa hiyo kazi alafu iache, cheza na volti peke yake mpaka usikie ile sauti ya samaki anakaangwa, kavu na ya haraka isiyokatika. Waya ukisukuma mkono wako nyuma na vipande vya waya ambavyo havijayeyuka vinabaki vimesimama kwenye mshono, volti ni chache au waya ni mwingi. Sauti ikiwa nzito ya kupwaya na tone kubwa linaning'inia kwenye ncha, volti ni nyingi. Badilisha kitu kimoja, chomelea sentimita 5 kwenye kipande cha kutupa chenye unene uleule, angalia, ndio ubadilishe tena. Ukibadilisha viwili hujui kipi kimesaidia.

Na mkono wako ni nobu ya tatu. Waya unaotoka nje ya tipu uwe milimita 10 mpaka 12 kwa waya wa gesi, gesilesi 15 mpaka 20. Ukirudisha tochi nyuma, kipande cha waya kilicho nje kinakuwa kirefu, kinakula ampia, na mshono unapoa. Huu ndio mshono wa hatari kuliko wote kwa sababu kwa juu unapendeza, umelala vizuri, ila haukuingia kwenye chuma. Vitundu angalau unaviona. Mshono uliolala juu tu huuoni mpaka ngazi imebeba mtu. Kwa hiyo kwa kazi ya kubeba mzigo, ngazi, trela, balkoni, chomelea kipande cha majaribio, bana kwenye vaisi ukipige nyundo kikunjike. Kikiachia mshono ukaona chuma cha chini bado kina alama za grainda ujue haikushika hata kidogo, ongeza moto au punguza mwendo.

Mabomba ya galvanaizi yanarusha cheche na kutoa vitundu kwa sababu zinki inachemka kabla chuma hakijayeyuka, hakuna setingi ya kuiondoa, ondoa zinki kwanza kwa grainda. Na ule moshi mweupe unaleta homa na baridi usiku wake, maziwa hayazuii, kinachozuia ni barakoa ya moshi wa vyuma na sehemu yenye hewa. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea, mwanga na joto la moto vinaigeuza kuwa gesi inayoua. Tumia thina au asetoni, iache ikauke yote, chupa iwe mbali.

Ikibaki kwamba kweli mashine haifanyi kitu, bonyeza triga usikilize. Ndani ya sekunde hiyo vitu vitatu vinatakiwa vitokee: valvu ya gesi inabofya na gesi kutoka, rola kuzunguka, na waya kuwa na umeme. Vyote vitatu vikigoma wakati taa imewaka, angalia swichi ya triga na zile pini ndogo kwenye plagi ya tochi, mara nyingi waya mwembamba umekatika kwenye shingo pale tochi inapokunjwa kila siku. Rola zikizunguka lakini waya ukigusa chuma hauwaki, rudi kwenye erthi na kiunganishi cha polariti, vikiwa sawa hapo sasa ni kadi au sehemu ya nguvu. Gesi tu ndio haitoki wakati mtungi una gesi na umefunguliwa, mara nyingi ni valvu. Hapo usifungue mwenyewe kama hujui elektroniki, zile kapasita kubwa za ndani zinabaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa plagi. Mpelekee fundi wa inveta, mwambie kipi kati ya vitatu kinafanya kazi na kipi hakifanyi, na umpe picha ya kibati cha nyuma ajue anatafuta sakiti ya mashine gani.